Bi Sundus na Ruhusa ya Mdai

Katika mtaa wetu wa Kibuli, mtu akitaka kanzu ambayo shingo yake haitamkwaruza, huelekezwa kwa Bi Sundus. Duka lake ni chumba kimoja kwenye mteremko unaoshuka kutoka msikitini, na kelele za vyerehani huanza mara tu watoto wanapomaliza kupanda kwenda shule. Wateja wake si Waislamu pekee. Mwanamume wa Kiganda, awe wa kanisa au wa msikiti, haendi kujitambulisha kwa wakwe zake bila kanzu. Kwa hiyo Desemba benchi lake hujaa mabwana harusi wenye misalaba shingoni, naye huwapima mabega huku akiwauliza kama mahari imetimia au wanakwenda kuomba kwa maneno matupu.

Babu wa babu yake alifika huku na marobota ya nguo kutoka pwani. Wajukuu walibaki na nguo na lugha, ingawa pwani yenyewe wengi wao hawajaiona. Bi Sundus naye hakuwa na hamu ya kuiona. Safari aliyoitaka ilikuwa moja, Hija, na alikuwa ameitaka tangu mumewe alipokuwa hai.

Mumewe alikwishafariki. Bi Sundus hakuwa tayari kusafiri bila maharimu wake, yaani mume au jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa, na ndugu wa kiume aliyebaki alikuwa mmoja tu, Wasim, mdogo wake, anayeuza vipuri vya pikipiki Kawempe. Wasim alikuwa amekwisha kulipia nafasi yake ya mwaka huu.

"Dada, mwakani haya magoti yatakuwa ya kukalia tu," alimwambia. "Ni mwaka huu, au utafute mume mpya akupeleke."

"Nitafute mume kwa sababu ya safari?"

"Wengine wametafuta kwa sababu ya godoro."

Fedha za safari alikuwa nazo karibu zote, na hapo ndipo mkasa wenyewe unapoanzia. Kijana mmoja wa Kibuli aitwaye Hamdun, aliyekwenda kufanya kazi Doha, humwagizia kanzu kwa ajili ya Waganda wa huko. Hamdun alikuwa akimlipa kwa sarafu za mtandaoni, zile ambazo thamani yake hufuata dola, kwa sababu ada ya kuzituma ni ndogo. Taqwa, binti yake Bi Sundus, ndiye aliyemwekea programu ya sarafu hizo kwenye simu. Kwa kuwa Hija nayo hupangiwa bei kwa dola, mama aliona afadhali aziache humo humo. Baada ya muda programu ikaanza kumwongezea kidogo kila wiki, na nyongeza hiyo ikaitwa zawadi.

"Nani huyo anayenipa zawadi?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ulikubali pesa zako zikae bila kuguswa, basi mfumo unakulipa kwa hilo."

"Zimekaa zikafanya nini?"

"Zimekaa tu."

"Kanzu ikikaa tu huingia vumbi. Hizi zikikaa zinazaa?"

Hakuridhika. Alikwenda kwa Bi Rahima, ustadha wa darasa la wanawake, akamweleza. Bi Rahima hakukurupuka. Alimhoji Taqwa kwa kirefu, kisha akasema kwamba yeye ananusa riba, na mwenye kunusa moshi hangoji kuona moto. Akamshauri aizime hiyo nyongeza. Na zile zilizokwisha kuingia? Asizile, asilipie deni lake, wala asizipeleke msikitini. Azitie kwenye kitu kama barabara, mfereji au choo cha watu, bila kutaja jina lake na bila kutarajia thawabu.

"Ni kama kutoa taka ndani ya nyumba," alisema Bi Rahima. "Mtu hatangazi kwamba ametoa taka."

Wengi wetu tumelelewa na desturi hiyo. Bi Sundus aliitimiza kwa kupeleka zawadi zile Bwaise, ambako mvua ikinyesha vyoo vya mashimo hufurika na maji yake kuingia jikoni mwa watu. Alizipitisha kwa Abubaker, mwenyekiti wa kamati ya usafi wa mtaa, akamwapisha asimtaje. Vikajengwa vyoo vilivyoinuliwa juu ya ngazi za saruji, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Tangu hapo Bi Sundus akawa anakwenda Bwaise kununua uzi, ingawa uzi unauzwa hatua chache kutoka dukani kwake. Alisimama tu pale akitazama milango inavyofunguliwa na kufungwa.

Ila lile la kuizima nyongeza hakulifanya. Vyoo vilipokamilika ulibaki mfereji wa kutoa maji ya mvua. Mfereji ukiisha, aliwaza, kuna upande wa pili wa mtaa. Wasim, ambaye pamoja na Taqwa walikuwa wakijua siri hiyo, alimcheka.

"Dada yangu anafuga riba kama mbuzi wa maziwa! Kila wiki anamkamua, halafu anaapa kwamba maziwa hayanywi."

"Nyamaza. Wanaokunywa si mimi."

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha maofisa wa kodi wakaja Kibuli kutoa mafunzo kwa wafanyabiashara, wakapiga hema karibu na hospitali. Bi Sundus alipanga foleni kama wenzake. Kodi ya duka lake alikuwa akiilipa kila mwaka na hakuwa na cha kuogopa. Alihudumiwa na kijana aitwaye Erinayo, mtoto wa mwanajeshi, aliyejifunza Kiswahili chake katika kambi za jeshi.

"Mama, uko na pesa ingine inaingia, mbali na hii ya kanzu?"

"Ipo, lakini si yangu."

"Ni ya nani?"

"Haina mwenyewe. Inaingia, mimi naitoa."

Erinayo aliweka kalamu chini. "Inaingia wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Kwa jina ya nani?"

"Langu."

Kwenye foleni mwanamke mmoja alipiga kelele, "Sundus, funga mdomo! Hapa si darasani kwa Bi Rahima!" Watu wakaangua kicheko. Bi Sundus hakuona cha kuchekesha. Alitoa simu, akamwonyesha kijana yule kila kitu, na Erinayo akaandika.

Majuma machache baadaye madai yakafika. Kodi ya zawadi zote za miaka miwili, pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Ukiiweka kando ya akiba ya Hija, ilikuwa inaimega kiasi cha kuizuia safari. Na malipo ya mwisho kwa wakala wa mahujaji yalitakiwa kabla mwezi haujaisha.

Kosa lake mtu wa nje huenda asilielewe. Kwetu, mali usiyoila si mali yako. Bi Sundus hakuficha chochote. Aliamini kwa dhati kwamba kitu alichokikataa kwa moyo na kukitoa kwa mkono hakiwezi kuhesabiwa kuwa chake. Sheria ya kodi, kwa upande wake, haiulizi nani amekula. Inauliza imeingia mkononi mwa nani.

Wasim alifika siku hiyo hiyo, vidole vyake vikiwa bado na grisi.

"Ulijichongea mwenyewe," alisema kabla hata ya salamu. "Nani alikuuliza?"

"Yule kijana wa kodi ndiye aliniuliza. Alisema, 'Uko na pesa ingine?'"

"Basi rudi ukamwambie ulichanganyikiwa. Mwambie zile zilikuwa malipo ya Hamdun ya kanzu, na kodi ya kanzu umekwisha kulipa. Wewe ni mama mtu mzima, simu hizi huzijui. Nani atabisha?"

"Nihiji, nikasimame Arafa juu ya uongo?"

"Usiposema uongo mdogo, Arafa utaiona kwenye televisheni."

Bi Sundus alitia uzi kwenye sindano. Alivuta kanzu iliyokuwa mbele yake, akaendelea kupinda ukingo. Taqwa, aliyekuwa akipiga pasi, ndiye aliyesema, "Mjomba, maneno hayo usiyarudie hapa dukani. Akina Akullo wanasikia." Akullo ni mshonaji wao, wa kabila la Walango wa kaskazini, na kwa kweli alikuwa anasikia vizuri sana.

"Mimi sijasikia kitu," alisema Akullo. "Lakini mzee, huo uongo ni mwembamba. Hata mimi naona ng'ambo."

Bi Sundus alirudi tena kwa Bi Rahima. Huko aliambiwa kwamba kama zawadi zile zingekuwepo, kodi yake ingeweza kutoka humo humo, maana kilichoizaa kodi ndicho kingeibeba. Lakini zilikuwa zimekwisha kuwa saruji. Akakumbushwa pia jambo ambalo alilijua tangu utotoni, kwamba mwenye deni lililokwisha kuiva hatoki kwenda Hija mpaka alilipe, au mdai wake amruhusu kwa ridhaa.

Alitoka hapo akitembea haraka. Taqwa anasema alipoingia nyumbani mama yake alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kukata kitambaa. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumpa binti yake simu.

"Izime hiyo zawadi."

"Na mfereji wa Bwaise? Umefika nusu tu."

"Najua umefika nusu," alisema Bi Sundus. "Izime."

Taqwa akaizima. Kati ya yote yaliyotokea, nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mpaka leo mfereji ule umeishia mbele ya nyumba ya tatu.

Jumatatu alivaa buibui lake jipya, akamchukua Wasim awe msindikizaji, wakapanda bodaboda mbili hadi ofisi ya kodi mjini. Erinayo aliwakumbuka.

"Karibu, mama. Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kwanza kuuliza. Huu mstari wa chini umeandika nini?"

"Hiyo ni riba. Ya kuchelewa."

"Riba."

"Ndiyo, mama."

"Nimeikimbia mpaka Bwaise," alisema Bi Sundus, "kumbe ilinitangulia mezani kwako."

Erinayo alicheka mpaka jirani yake wa meza ya pili akageuka. Kisha akavuta kiti karibu. "Lakini sikia, mama. Wewe hatukukushika. Wewe ulikuja kusema mwenyewe. Mtu mwenye anajisema, anaweza kuomba hiyo riba na faini itoke. Inabaki kodi peke yake."

"Niandikie ombi hilo sasa hivi. Kuilipa sitaki, na kuipokea sitaki."

Ombi likaandikwa, akaweka sahihi. Hapo ndipo Wasim alipotia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha na kuiweka juu ya meza.

"Kijana, soma na hii."

Ilikuwa barua ya Abubaker, yenye muhuri wa kamati. Wasim alikuwa amekwenda Bwaise kimya kimya, akamwomba mwenyekiti athibitishe kwamba vyoo vile vyote vilijengwa na Bi Sundus, kwa manufaa ya umma, kutokana na zawadi zilezile zinazodaiwa kodi. Erinayo aliisoma polepole. Alipoinua uso alikuwa anamtazama Bi Sundus kwa namna nyingine.

"Mama, hizi vyoo ni zako? Pale chini karibu na soko? Shangazi yangu anakaa huko." Akaigeuza barua. "Siwezi kuahidi. Lakini nikipeleka hii kwa mkubwa wangu, labda kuna kitu itapunguza."

Bi Sundus alinyoosha mkono. "Nipe barua hiyo."

"Dada!" alisema Wasim.

"Nipe, mwanangu."

Erinayo akampa. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake na kufunga zipu.

"Wasim, nikiitumia hii, deni langu litapungua. Kupungua kwa deni ni faida, na faida hiyo itatoka wapi? Kwenye pesa ileile niliyoitoa ndani ya nyumba. Yaani nimetupa taka, halafu niende jalalani kupekua kama kuna kitu cha kuuza?"

"Ni vyoo, dada! Watu wanajisaidia humo! Hata Mungu anaviona!"

"Basi kama Yeye anaviona, barua ya nini?"

Wasim alimgeukia Erinayo. "Afande, mwandikie tu kwamba ni mgonjwa."

"Mimi si afande, mzee. Baba yangu ndiye alikuwa." Akamtazama Bi Sundus. "Mama, kila siku watu wanakuja hapa na barua wanaomba kupunguziwa. Wewe unakataa?"

"Nakataa. Kodi niliyopata kwa mdomo wangu nitailipa kwa mikono yangu. Sasa nina jambo la pili, na hili ndilo lililonileta." Akakaa sawasawa kwenye kiti. "Wewe ni mdai wangu. Kwetu, mwenye deni hatoki kwenda Hija mpaka alipe au mdai wake amruhusu. Nikilipa lote leo, siendi, na mwakani sina wa kwenda naye. Nitakupa fungu moja leo kutoka akiba yangu, na mafungu mengine kila mwezi mpaka liishe. Nakuomba ruhusa ya kwenda Hija."

Erinayo aliweka mikono yote miwili mezani.

"Mama, mimi ni Mprotestanti."

"Sijakuomba dua. Nimekuomba ruhusa."

"Lakini hii pesa si yangu. Ni ya serikali."

"Basi nionyeshe mlango wa serikali nikaiombe."

Erinayo alijikuna shingo, akainuka, akapotea nyuma ya mlango wa kioo. Alikaa huko kitambo. Wasim, kwa hasira, alihesabu mabango ya ukutani kwa sauti ya chini. Bi Sundus alikuwa ametulia, mikono juu ya mkoba, kama mtu anayesubiri kupimiwa sukari dukani.

Kijana aliporudi alikuwa na karatasi za makubaliano ya kulipa kwa mafungu.

"Fomu ya Hija hatuna," alisema. "Lakini ukisaini hapa, na mkubwa ameshasaini pale, deni yako imepangwa. Hakuna mtu atasema umetoroka."

"Mkubwa wako alipotia sahihi alisema maneno gani?"

"Alisema… mama, ni lazima?"

"Ni lazima. Ruhusa ni maneno."

"Alisema, 'Mwambie aende salama, arudi alipe.'"

"Rudia."

Erinayo akarudia, mara hii kwa sauti kubwa zaidi, kama mwanafunzi anayesomeshwa. Bi Sundus akamgeukia ndugu yake. "Umesikia? Wewe ni shahidi." Ndipo akachukua kalamu.

Wakiwa ngazini Wasim alikuwa bado anafoka. "Umepewa mkate, umeurudisha. Sasa hilo pengo utaliziba na nini?"

"Na kile kikubwa."

Alimaanisha cherehani cha darizi, kile cha umeme kinachotia nakshi nyekundu shingoni mwa kanzu, ambacho alikinunua mwaka aliofiwa. Bi Rahima aliposikia alituma neno kwamba hakuna anayelazimishwa kuuza chombo cha kazi yake ili ahiji. "Mwambieni najua sijalazimishwa," alijibu. "Nataka." Fundi mmoja wa Kawempe alikuja kukichukua, naye Bi Sundus alimwonyesha mahali kinapopenda kutiwa mafuta, akaziheshimu noti zake kwa kuzihesabu mara moja tu. Wiki hiyo yeye na Akullo walirudi kutia nakshi kwa sindano. Akullo alijichoma, akalaani kwa Kilango.

"Mwenyezi Mungu anakielewa Kilango pia," Bi Sundus alimwambia.

"Ndiyo maana nimelaani sindano, sikukulaani wewe."

Malipo ya mwisho yalifika kwa wakala siku moja kabla ya kufungwa.

Siku chache kabla ya safari, ndugu na majirani tulikusanyika nyumbani kwake. Ni desturi msafiri wa Hija aombe radhi kwa kila aliyemkosea na kusema wasia wake mbele ya mashahidi, kwa kuwa hajui kama atarudi. Aliwaomba radhi wateja aliowacheleweshea kanzu, na orodha hiyo haikuwa fupi. Alimwomba radhi Abubaker kwa kumfokea kuhusu barua, na kwa mfereji. Abubaker alisema mfereji watautafutia watu wengine, asiubebe mpaka Makka. Kisha Bi Sundus akamwashiria Taqwa aandike.

"Kila mwezi, kabla hujanunua uzi, peleka fungu la ofisi ya kodi. Na nikifa huko, mali yangu isigawanywe mpaka ofisi ya kodi imelipwa yote. Kwanza wao, ndipo wewe, ndipo mjomba wako."

Wasim aliinua mikono. "Jamani, mnasikia? Mimi nambeba dada yangu kwa magoti haya mpaka Makka, na mbele yangu kwenye mstari amesimama Erinayo!"

"Yeye nina deni lake, na amenipa ruhusa," alisema Bi Sundus. "Wewe sina deni lako."

"Huna? Na zile pesa za bodaboda nilizokulipia siku ile?"

Watu wakacheka. Bi Sundus hakucheka. Alifikiri, akakubali kwa kichwa, na kumwambia binti yake, "Andika. Bodaboda ya Wasim, kwenda na kurudi." Kisha akafungua mkoba, akamlipa pale pale mbele yetu sote, na akamwamuru Taqwa alifute deni hilo.